Nguzo ya stelingi kwenye Ford Model A ya 1931: uchambuzi wa kisa cha hotirodi moja

Gari na mwenyewe

Kisa hiki kilitokea Marekani, katika karakana ninayofanyia kazi. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenye gari au mafundi waliolishika kabla yetu. Nimekiandika kwa Kiswahili kwa sababu mafundi wa kwetu Afrika Mashariki wanakutana na tatizo la jamii hii mara nyingi. Land Rover ya zamani inavalishwa injini ya Toyota, injini mpya haikai pale ilipokaa ya kwanza, bomba la ekzosi linakaribia shafti ya stelingi, na fundi analazimika kuitafutia shafti njia nyingine. Hesabu zake ni hizi hizi.

Gari lilikuwa Ford Model A ya 1931, kupe ya milango miwili. Kiwandani lilitoka na injini ya silinda nne yenye nguvu ya farasi 40. Sasa limebeba V8 ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, pamoja na gia boksi ya otomatiki ambayo mkono wake uko sakafuni. Gari la kale lililovalishwa injini kubwa namna hii ndilo huitwa hotirodi. Mchezo huo walianza vijana wa California waliokuwa wakipimana mbio kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, na chama chao, Southern California Timing Association, kiliundwa mwaka 1937.

Mbele gari lina ekseli nzima ya chuma, springi moja iliyolazwa kukatiza gari, na boksi la stelingi la aina ya Chevrolet Vega, gari dogo la miaka ya 1970. Boksi limefungwa ubavuni mwa chesisi upande wa kushoto na linasukuma fimbo ndefu inayokatiza hadi gurudumu la kulia. Pawa stelingi hakuna. Mpangilio huu umezoeleka sana kwenye hotirodi na unafanya kazi vizuri, ila una jambo moja la kukumbuka: boksi liko mbele kabisa, karibu na ekseli. Gari likigonga uso kwa uso, boksi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kurudishwa nyuma, na kilichounganishwa na boksi kinamwelekea dereva.

Mwenyewe ni mzee mstaafu, mrefu, mwenye bega la kulia lililokakamaa. Alilinunua likiwa limeshaundwa. Alikuja na malalamiko mawili. Kwanza, stelingi ilikuwa inakamata na kuachia: ukiizungusha polepole inakuwa nzito, inalegea ghafla, inakuwa nzito tena. Pili, usukani wenyewe ulikuwa unacheza juu na chini mkononi. Aliambiwa na watu kwamba boksi limekwisha, akaja kutaka tumbadilishie boksi.

Tulichokikuta

Boksi halikuwa limekwisha. Tuliinua magurudumu ya mbele, tukatenganisha fimbo na boksi, tukazungusha usukani kwa vidole viwili. Uzito ulibaki pale pale, na ulijirudia mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Hiyo ndiyo alama ya krosi, yaani kiungo chenye msalaba kinachounganisha shafti mbili zisizo kwenye mstari mmoja. Beringi mbovu hukwaruza bila mpangilio, boksi bovu hukamata sehemu yake moja, lakini krosi iliyopindishwa kupita kiasi hukamata na kuachia mara mbili kila mzunguko, bila kukosea.

Kutoka kwenye nguzo, yaani bomba lenye shafti inayobeba usukani, hadi kwenye boksi kulikuwa na krosi mbili na kipande kifupi cha shafti katikati. Krosi ya juu ilikuwa imepinda digrii 22, ya chini digrii 38. Watengenezaji wa krosi za stelingi kwa kawaida hawaruhusu zaidi ya digrii 30 hadi 35 kwa krosi moja. Kibaya zaidi, panda mbili za shafti ya kati, yaani miisho yake yenye umbo la uma inayoshika krosi, hazikutazamana. Moja ilisimama wima, nyingine imelala.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu ndipo gari lilipoharibiwa. Krosi moja ikipinda, shafti ya upande wa pili haizunguki kwa mwendo sawa. Inakimbia, inachelewa, inakimbia, inachelewa, mara mbili kila mzunguko, ingawa mkono wako unazungusha kwa utulivu. Krosi ya pili inaweza kuyafuta makosa ya ya kwanza, kwa masharti mawili: panda za shafti ya kati ziwe kwenye mstari mmoja, na pembe mbili zikaribiane. Ukizigeuza panda kwa digrii 90, krosi ya pili inaongeza kosa badala ya kulifuta. Kwa pembe tulizozikuta, mwendo wa shafti iliyoingia kwenye boksi ulikuwa ukishuka hadi 0.73 ya mwendo wa usukani na kupanda hadi 1.37. Kwa mtu anayekata kona, hilo ni jambo la hatari. Gari linageuka zaidi au pungufu ya ulivyoliagiza, kutegemea usukani umefika wapi kwenye mzunguko.

Kisha tukaitazama nguzo yenyewe. Ilitoka skrapu, nguzo ya General Motors ya miaka ya 1970, ile ambayo kichwa chake kinainama na ufunguo unaingia ubavuni mwake. Ni nguzo nzuri, imetumika kwenye magari mengi mno. Ugonjwa wake unaojulikana ni bolti nne ndogo zilizojificha ndani ya kichwa, zinazolegea kadiri miaka inavyokwenda na kuufanya usukani ucheze. Hizo zilikuwa zimelegea, na kama tatizo lingekuwa hilo tu tungezikaza na kumrudishia mzee gari lake.

Lakini breketi iliyoishikilia kwenye dashibodi ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye bomba la nguzo. Na mwisho wa shafti, chini, ulikuwa na makovu ya nyundo. Kijana mmoja mzaliwa wa Mombasa tunayefanya naye kazi alishangaa niliposema nguzo hii hairudi garini. “Kaka, si tukaze hizo bolti nne tu? Nguzo yenyewe mbona nzima?” Nikamwambia aishike shafti kwa chini, aivute. Akaivuta kwa mkono mmoja, ikatoka kama upana wa kidole gumba, na vipande vyeupe vya plastiki vikadondoka sakafuni. Akairudisha, ikaingia bila ubishi. Hakuuliza tena.

Vile vipande vyeupe ndivyo vilivyotakiwa kuokoa maisha ya dereva. Shafti ya nguzo ya aina hii ni vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, na vinashikiliwa na pini za plastiki. Gari likigonga kwa nguvu, pini zinakatika, shafti inajikunja kuwa fupi, na bomba la nje nalo linabonyea kwa utaratibu likinywa sehemu ya kishindo. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vinakataza kabisa kugonga nguzo hizi kwa nyundo. Aliyeigonga hii alizikata pini kabla ya ajali, na aliyeichomelea breketi juu ya bomba aliliondolea bomba nafasi ya kubonyea. Nguzo iliyobaki ilikuwa na ubaya wa pande zote mbili: shafti imelegea mahali isipotakiwa kulegea, bomba limekaza mahali lisipotakiwa kukaza.

Nguzo tatu za kuchagua

Mzee alikuwa na ya kwake moyoni: nguzo ya Ford ya 1940. Ninamwelewa. Ni nyembamba, ina umbo zuri, na usukani wake ni miongoni mwa vitu vinavyopendwa zaidi kwenye hotirodi za mtindo wa zamani. Tatizo ni kwamba ndani yake kuna shafti nzima ya chuma isiyojikunja. Magari ya miaka hiyo yote yalikuwa hivyo. Madereva walikufa kwa kuchomwa kifua na shafti ya stelingi katika ajali ambazo miili ya magari ilizihimili. General Motors walianza kuweka nguzo za kujikunja kwenye magari yao ya mwaka wa modeli 1967, na viwango vya usalama vya serikali ya Marekani vikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1968. Kiwango namba 203 kinahusu kifua cha dereva kinapoipiga stelingi. Namba 204 kinataka stelingi isirudi nyuma zaidi ya milimita 127 gari linapogonga ukuta kwa kilomita 48 kwa saa. Model A haibanwi na sheria hiyo. Kifua cha mwenye Model A ni kile kile cha mwenye gari jipya.

Ya pili ilikuwa kutafuta nguzo nyingine ya skrapu iliyo nzima. Bei yake ni ndogo na kazi inafanyika. Lakini urefu wake ulipangwa kwa gari jingine. Nguzo ya zamani ilikuwa ndefu mno kwa Model A, ikapita sakafu na kuteremka hadi karibu na boksi, na ndiyo sababu shafti ya kati ilikuwa fupi na krosi ya chini ikalazimika kupinda digrii 38. Ukileta nguzo nyingine yenye urefu ule ule unaleta tatizo lile lile.

Ya tatu ni nguzo mpya inayotengenezwa kwa ajili ya magari haya, kipenyo inchi 2¼, inayojikunja, kichwa chake kinainama, bila mkono wa gia na bila ufunguo. Zinauzwa kwa urefu tofauti. Bei yake ilimfanya mzee anyamaze kwa muda. Sikumshawishi kwa maneno mengi. Nilimwonyesha vile vipande vyeupe kwenye kisahani na breketi iliyochomelewa. Akakubali ya tatu, akaomba aruhusiwe kuweka usukani mdogo wa inchi 13½ alioupenda. Tulimwambia utakuwa mzito wakati wa kuegesha. Akasema atavumilia.

Kupima kabla ya kununua

Nguzo hainunuliwi kwa kupima nguzo ya zamani. Tulianza na mtu. Tulimketisha mzee garini, amevaa viatu anavyoendeshea, tukamwacha akae hadi godoro la kiti lizame kabisa. Godoro jipya huzama zaidi ya unavyodhani, na usukani uliopangwa kwa kiti kitupu unakuja kuwa juu ya mabega. Tukachukua mpini wa ufagio, tukaufunga usukani wake mdogo mwishoni, tukaupitisha kwenye tundu la sakafu, na mtu mmoja akaushikilia huku mzee akikanyaga breki, akigeuza mikono, akijifanya anashuka. Mpini ulisogezwa juu, chini, kushoto, hadi aliposema hapa. Tukaufunga kwa kamba, tukaweka alama.

Ndipo tukaanza kutoka upande wa pili. Uzi ulivutwa kutoka kwenye meno ya shafti ya boksi, ukielekea mwisho wa mpini. Tukapima pembe za uzi kwa kila urefu wa nguzo unaopatikana. Kwa inchi 30, nguzo ilikoma mara tu baada ya kutoka sakafuni, shafti ya kati ikawa ndefu, na pembe zikawa digrii 24 juu na 26 chini. Panda zikiwa kwenye mstari mmoja, tofauti ya mwendo inabaki chini ya asilimia 2, na mkono hauisikii.

Meno ya boksi tuliyahesabu kwa sindano na chaki, na hili nalisisitiza kwa kila fundi anayeagiza krosi. Shafti ya robo tatu inchi inapatikana yenye meno 30 na yenye meno 36, na macho hayatofautishi. Krosi isiyo yake inaweza kuingia nusu, ikakazwa kwa skrubu, ikaonekana imeshika.

Ekzosi au krosi ya tatu

Uzi ule ulipita katikati ya bomba la pili la ekzosi. Mabomba marefu yaliyopakwa kromu, yakiteremka upande wa kushoto, yalikuwa ndiyo fahari ya gari.

Njia ya kwanza ilikuwa kuzunguka bomba kwa krosi ya tatu. Inawezekana, na magari mengi yanakwenda hivyo. Lakini shafti yenye krosi tatu haijisimamii. Inataka beringi ya kuishikilia katikati, iliyofungwa imara kwenye chesisi, la sivyo inayumba kama kamba ya kuruka. Inaongeza pembe ya kusawazisha, inaongeza skrubu za kulegea, na krosi ya kati ingekaa sentimita mbili kutoka kwenye bomba linalochemka. Joto hilo linaikausha grisi.

Njia ya pili ilikuwa kubadili ekzosi: kuweka manifoldi za chuma cha kusubu za Chevrolet zenye umbo la pembe za kondoo dume, ambazo hushukia katikati ya injini na kuacha nafasi upande wa stelingi. Mzee alikataa. Kesho yake akarudi, akainama chini ya gari na tochi akiutazama uzi, akauliza bomba likiondolewa shafti itapita moja kwa moja namna hii hii. Nikasema ndiyo, kwa krosi mbili tu. Akakubali tubadili pande zote mbili ili zifanane.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliolitengeneza gari, zaidi hata ya nguzo yenyewe. Ekzosi inaweza kuhamishwa. Njia nzuri ya shafti kati ya kiti na boksi ni moja.

Kufunga

Nguzo ilishikwa na klampu mbili, moja chini ya dashibodi na moja sakafuni, bila kuchomelea chochote kwenye bomba. Klampu ya juu ilifungwa kwenye chuma kilichoongezwa nyuma ya dashibodi, kwa sababu bati la dashibodi ya Model A peke yake haliwezi kumzuia mtu mzima anayejivutia usukani ili ashuke. Shafti ya kati tuliichagua ya kuchomoka: kipande chenye pande mbili bapa kinachoingia ndani ya bomba la umbo hilo hilo, ili boksi likirudi nyuma lisukume shafti ndani yake kwanza.

Kwenye krosi, mwisho wa shafti ulikomea sambamba na ukuta wa ndani wa panda. Ukizidi hata milimita chache unagusa msalaba wa katikati pale krosi inapopinda, na hutaligundua hadi ukate kona kali. Kila skrubu ya kukazia ilitobolewa kishimo chake kwenye shafti, ikatiwa gundi ya kuzuia nyuzi zake zisilegee na kubanwa kwa loki nati. Skrubu inayobana chuma kitupu itateleza siku moja.

Kabla ya kuunganisha fimbo tulitafuta katikati ya boksi kwa kuhesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho na kugawa kwa mbili. Boksi la aina hii limebana kidogo katikati yake ili gari litulie barabarani iliyonyooka. Waliotangulia walikuwa wamenyoosha usukani kwa kuuhamisha meno, kwa hiyo gari lilikuwa likienda mbele huku boksi liko pembeni ya katikati yake, mahali penye plei, yaani ulegevu. Tulirekebisha urefu wa fimbo, usukani ukaachwa ulipo.

Umeme ulikuwa na shida moja ya kuielewa. Kwenye swichi ya indiketa ya mtindo wa General Motors, taa za breki za nyuma hupitia ndani ya nguzo: waya mweupe unaleta umeme wa breki, wa njano unakwenda nyuma kushoto, wa kijani iliyokoza nyuma kulia. Gari hili liliunganishwa breki moja kwa moja kwenye taa, ndiyo maana ukikanyaga breki indiketa ya nyuma ilikuwa haipepesi. Honi nayo ilikataa hadi nguzo ilipopewa waya wake wa athi, kwani rangi na bushi za plastiki zilikuwa zimeitenga na mwili wa gari.

Matokeo

Kukamata na kuachia kuliisha siku ile ile. Plei kwenye ukingo wa usukani, iliyokuwa upana wa vidole vitatu, ikawa chini ya kimoja, na boksi ni lile lile ambalo mzee alitaka kulitupa. Barabara kuu gari linakwenda moja kwa moja bila kurekebishwa kila mara.

Usukani mdogo haukudumu. Baada ya wiki chache mzee alirudi akishika bega. Kwenye maegesho, bila pawa stelingi, inchi 13½ zilimshinda. Tukaweka wa inchi 15, ambao unapunguza nguvu ya mkono kwa sehemu moja katika kumi. Lakini usukani mpana uligusa paja lake kila alipoingia, na hapo kichwa kinachoinama kikalipa bei yake: anakiinua, anaingia, anakishusha.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni mpangilio wa kazi. Mtu kwenye kiti, meno ya boksi, uzi katikati yake, na urefu wa nguzo ukatoka kwenye pembe. Waliotangulia walianza na nguzo waliyokuwa nayo, kisha wakalazimisha vingine vyote viifuate, hadi nyundo na kuchomelea. Kupima chanzo kabla ya kubadili boksi nako kulimwokolea mzee fedha: dakika chache za kuzungusha usukani na fimbo ikiwa imetenganishwa zilitosha.

Kilichopungua ni kwamba mpini wa ufagio ulijibu swali la kukaa na kushuka, haukujibu swali la nguvu. Bega bovu lilijulikana tangu siku ya kwanza, na usukani wa inchi 15 ulistahili kujaribiwa magurudumu yakiwa chini kabla ya mzee kununua aupendao. Pia nguzo inayojikunja, kwenye gari hili, imefungwa kwa klampu za kawaida na si kwa breketi ya kiwandani inayoachia kwa kipimo, kwa hiyo sithubutu kusema itajikunja vile ambavyo ingejikunja ndani ya gari ililoundiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba shafti inachomoka, krosi mbili zilizopinda zitakunja njia badala ya kusukuma moja kwa moja, na bomba halijachomelewa.

Limebaki la mkanda. Gari lina mkanda wa kiunoni peke yake, na mtu aliyefungwa kiunoni tu bado kifua chake kitaufikia usukani. Mwili wa Model A hauna mahali penye nguvu ya kutosha kushika mkanda wa begani, kwa hiyo tunatengeneza upau wa chuma nyuma ya kiti, miguu yake ikiwa imefungwa kwenye chesisi. Mzee ameshakubali bei.